Sindano Nne Zilizobaki

Haya yote ni kweli tupu. Nayaapia kwa macho yangu mawili, kwa goti langu bovu, na kwa mashine ya sinema niliyoibeba mgongoni miaka thelathini na moja nikiwaonesha watu filamu kijiji hadi kijiji. Najua mji mzima wa Shuangtang husema kwamba Mzee Qiu akikwambia ni saa sita, utazame saa. Waache waseme. Niliwahi kuwasimulia jinsi upepo wa mlimani ulivyolinyanyua pazia langu la sinema pamoja na mimi mwenyewe ukanitua ng'ambo ya mto, nao wakaona nimetia chumvi. Kidogo, labda. Lakini habari hii ya Suyun sikuitia hata punje.

Suyun alikuwa na miaka kumi na mmoja. Aliishi na bibi yake, Bibi Nong, nyumba ya tatu kutoka kwangu, kwa sababu baba na mama walikuwa kiwandani Dongguan, mji wa mbali, na walirudi mara moja tu kwa mwaka, wakati wa Mwaka Mpya. Kila asubuhi kabla ya shule alichukua bakuli la bati akaenda kununua tofu kwa Desheng.

Desheng alikuwa mtengeneza tofu wa mtaa wetu. Alianza kazi kabla jogoo hajawika, akisaga soya, akichemsha, akichuja, akikamua. Mikono yake ilikaa kwenye maji mpaka vidole vikakunjamana. Yeye na mkewe Meihua hawakujaliwa mtoto, na nadhani ndiyo maana alipenda kumchokoza Suyun.

"Karibu, mheshimiwa mkaguzi," alimwambia asubuhi ile. "Leo unanifungia duka au unaniacha nile?"

"Tofu yako imepinda, Mjomba."

"Haijapinda. Ni wewe umeinamisha kichwa. Nyoosha shingo uone."

"Hata nikinyoosha imepinda!"

"Meihua! Mletee mkaguzi rula!"

Meihua alicheka huko ndani kwenye mvuke. Suyun alipokea bakuli lake, akageuka. Hapo ndipo mbwa alipotokea.

Alikuwa mbwa wa rangi ya manjano, ametoka upande wa machimbo ya mawe. Hakubweka. Alikuja akiyumba, udenda unamtoka, akamshika Suyun shavu la mguu na suruali yake ya shule. Bakuli lilianguka. Desheng aliruka meza. Alimpiga mbwa teke, mbwa hakuachia. Basi akamwingiza mkono kinywani, akamtanua taya kama mtu anayefungua mlango uliokwama, mpaka mguu wa mtoto ukatoka. Mbwa akamgeukia, akamng'ata kiganja mara mbili, meno yakazama. Watu walikuja na miti ya kubebea mizigo wakamuua pale pale barabarani.

Kituo cha afya kipo mwisho wa mtaa. Daktari Meng, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu asiyependa maneno mengi, aliwaweka wote wawili kwenye bomba akawaosha kwa sabuni huku akitazama saa ya ukutani.

"Imetosha, Daktari," alisema Desheng. "Ngozi yenyewe sasa inatoka."

"Robo saa. Bado dakika sita."

Alipomaliza aliwachoma kila mmoja sindano moja begani, akawapa kadi.

"Sindano ni tano. Hii ni ya kwanza. Ya pili baada ya siku tatu, halafu ya siku ya saba, ya kumi na nne, ya ishirini na nane. Suyun, kuna ngapi zimebaki?"

"Nne."

"Desheng?"

"Nne, Daktari. Hata mimi nimesoma shule."

"Wewe kiganja chako kimechimbika. Inatakiwa sindano nyingine ya kuzungushia kidonda, ipo hospitali ya wilaya tu. Nenda leo."

"Leo nina ndoo tatu za soya zimelowekwa. Nitakwenda kesho."

Daktari Meng alivua miwani. "Nisikilizeni. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana, hakuna daktari wa kukiondoa. Si mimi, si wa Beijing. Dawa yake ni kabla, baada yake hakuna kitu. Mmeelewa?"

Walisema wameelewa.

Siku mbili baadaye, wakati wa chakula cha mchana, simu za mji mzima zililia karibu kwa pamoja. Kulikuwa na kiwanda cha chanjo mbali huko, kimekutwa kimeghushi vitabu vyake. Chanjo zenyewe ni hizo hizo za kichaa cha mbwa. Wakubwa wa kiwanda wamekamatwa. Namba za matoleo mabovu, zile zinazochapwa kwenye boksi, zitatangazwa. Zitatangazwa lini? Habari haikusema. Zimepelekwa mikoa gani? Haikusema.

Mbele ya duka la Desheng kuna benchi refu, na jioni ile lilijaa. Bibi Nong alikuwepo, Suyun amekaa kizingitini na bandeji yake mguuni.

"Wameanza tena," Bibi Nong alisema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayetaja jina la ndugu aliyemchukia.

Kila mtu pale alijua anasema nini. Miaka mingi nyuma, kaka yake Suyun, yule anayeishi sasa na wazazi Dongguan, alipokuwa mchanga, mama yao alirudi kiwandani, na Bibi Nong akamlea mtoto kwa maziwa ya unga. Hakununua yale ya bei rahisi. Alinunua kopo lenye mhuri wa kukaguliwa, na kwa kuwa hajui kusoma alimwomba muuza duka amwoneshe mhuri kwa kidole. Maziwa yale yalikuwa na sumu. Mtoto alipata mawe kwenye figo, na hadi leo hana figo moja. Bibi Nong ndiye aliyekuwa akikoroga kila chupa kwa mkono wake.

Basi ungetegemea nini kwa mtu kama huyo?

Palikuwa na mzee mmoja kwenye benchi. Mimi binafsi sikuwepo, siku hiyo nilikuwa wilayani nang'olewa jino, lakini nilisimuliwa neno kwa neno. Mzee huyo akasema, "Nyie mnashangaa nini? Mkwe wangu anafanya kazi kiwanda hicho hicho. Asubuhi wanafungua bomba, wanajaza chupa maji, wanabandika karatasi. Mkwe wangu ndiye anashika mpira wa maji!"

"Acha zako!" mtu akasema huku anacheka.

"Sikiliza basi. Siku bomba likikauka wanachota kwenye bwawa la bata. Juzi chupa moja ilikutwa na kiluwiluwi ndani. Kinaogelea! Kimenenepa!"

Benchi zima likacheka. "Apia!"

"Naapa hapa hapa mbele ya mlango wa Desheng."

Meihua aliita kutoka ndani, "Desheng, kesho ndiyo siku yako ya sindano."

"Si umesikia? Kiluwiluwi!" Desheng alijibu, anafuta machozi ya kicheko. "Mimi nimeshinda majini tangu alfajiri, halafu niende nikachomwe mengine begani? Hapana, mama. Tungoje hizo namba, tujue."

Bibi Nong hakucheka. Alimshika Suyun mkono akampeleka nyumbani.

Kesho yake Desheng hakwenda kituoni, wala wilayani hakwenda. Suyun naye hakupelekwa. Daktari Meng alipiga simu, hazikupokelewa. Akaja kwa miguu, mara mbili. Kwa Desheng aliambiwa, "Kesho, Daktari." Kwa Bibi Nong aliambiwa mtoto yuko kwa shangazi yake mlimani, na wakati huo mtoto alikuwa nyuma ya mlango, anasikia kila neno.

Jioni baba yake Suyun alipiga simu kutoka Dongguan. Bibi aliweka simu mezani ili wote wasikie.

"Mama, usimpeleke tena pale. Hapa kiwandani wote tunazungumza habari hiyo. Kuna mwanamke anauza dawa za Hong Kong kwenye simu, anaitwa Dada Lili. Wenzangu wanaagiza kwake maziwa ya watoto. Nimeshamtumia hela ya sindano."

"Ya Hong Kong kweli?"

"Kweli, Mama. Ametuma picha ya boksi."

"Baba, lakini daktari alisema leo..." Suyun alianza.

"Daktari alisema! Na maziwa ya kaka yako, si walisema pia ni mazuri?"



Kifurushi kilichukua siku nne barabarani. Ulikuwa mwezi wa tisa, na mwezi wa tisa kwetu hata mijusi hutafuta kivuli. Boksi lilifika limelowa. Ndani mlikuwa na mfuko uliokuwa wa barafu, sasa ni maji ya uvuguvugu, na kichupa kimoja chenye maandishi ambayo hakuna mtu mtaani aliyeweza kuyasoma. Bibi Nong alikifuta kwa ncha ya aproni, taratibu, kama anafuta uso wa mtoto. Akamwita yule bwana anayechoma nguruwe sindano, akamchoma Suyun begani.

"Sasa niko na amani," alisema Bibi, na usiku huo alilala.

Shuleni habari haikukawia. Panpan, msichana aliyekaa nyuma ya Suyun, aliburuta dawati lake mbali naye.

"Usinisogelee. Utanibwekea."

"Mimi nimechomwa sindano ya Hong Kong."

"Kachomwa na mtu wa nguruwe!" Panpan aliwaambia wenzake. "Suyun, hebu guna kama nguruwe tusikie!"

Darasa lilicheka. Suyun hakulia mbele yao. Lakini kwenye kadi yake ya kituo cha afya kulikuwa na vyumba vitano, kimoja kimepigwa mhuri, vinne vitupu, na kila jioni aliitoa akaitazama. Kisha alihesabu kwa vidole: siku ya saba imepita, ya kumi na nne imepita. Namba za matoleo mabovu zilitoka siku ya kumi na mbili, karatasi ndogo iliyobandikwa mlango wa ofisi ya mji, herufi ndogo kama mchwa. Laiti ingetoka siku ya kwanza. Kufikia wakati huo hakuna aliyesimama kuisoma.

Siku ya ishirini na nne Suyun alikwenda kununua tofu kama kawaida. Meza ilikuwa tupu. Desheng amekaa kwenye kiti cha chini, ameushika mkono wenye kovu.

"Shikamoo, Mjomba. Leo hakuna ukaguzi?"

Hakuchokoza. "Mkono unawasha tangu juzi," alisema. "Kama siafu wanatembea ndani. Na koo limekaza."

Meihua alikuja na kikombe cha maji ya vuguvugu. "Kunywa kidogo tu, baba. Tangu jana hujanywa."

Desheng alikipokea. Alitaka kunywa, Suyun aliona kabisa kwamba alitaka. Kikombe kilipokaribia midomo shingo yote ilijikaza, macho yakamtoka, na kikombe kikaruka ukutani. Yeye ambaye maisha yake yote yalikuwa maji, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, akiitazama ndoo ya soya iliyolowekwa kama mtu anayetazama nyoka.

"Iondoe!" alisema. "Meihua, iondoe ndoo! Ninasikia inavyocheza!"

Maji ya ndoo yalikuwa yametulia kabisa.

Meihua alianza kuita majirani. Suyun aliliweka bakuli chini. Hakwenda shule na hakwenda nyumbani. Alikimbia mpaka mwisho wa mtaa.

"Daktari," alisema mlangoni, pumzi hana, "Mjomba Desheng anaogopa maji."

Daktari Meng alisimama palepale. Akachukua simu akaita gari la hospitali ya wilaya. Alipomaliza alimtazama Suyun mguu.

"Na wewe? Bibi yako alisema uko kwa shangazi."

"Sina shangazi mlimani," alisema Suyun. "Nilikuwa nyuma ya mlango. Nimechomwa ya Hong Kong, na barafu ilikuwa maji. Daktari, zimebaki nne. Nichome."

"Wewe ni mtoto. Siwezi bila mkubwa wako. Twende."

Daktari Meng hakwenda mikono mitupu. Alibeba kisanduku cha baridi, karatasi ya matoleo mabovu aliyoibandua mlangoni mwa ofisi, na daftari moja kuukuu. Bibi Nong alipowaona wanakuja pamoja alisimama katikati ya mlango, mikono kwenye miimo.

"Hapiti mtu na sindano hapa."

"Bibi, Mjomba Desheng..."

"Nimesikia. Mji mzima umesikia. Huyo alichomwa ya hapo kwako, Daktari, na ikawaje? Imemsaidia?"

"Alichomwa moja katika tano," alisema Daktari Meng. "Na ya kidonda hakwenda kuchomwa kabisa. Nilikuja kwake mara mbili. Ningekuja mara kumi. Hilo litanikaa mimi mpaka nife."

Bibi Nong hakutarajia jibu hilo. Mkono mmoja uliteremka.

"Sikuombi uniamini," Daktari aliendelea. "Nakuomba ukague. Hili hapa boksi la chanjo. Hii ni karatasi ya matoleo mabovu. Mimi sitasoma hata namba moja. Mjukuu wako atasoma."

Suyun alikaa kizingitini, boksi huku, karatasi kule. Namba zilikuwa ishirini na tisa. Alisoma tarakimu moja moja kwa sauti, na baada ya kila namba Bibi aliuliza, "Ni hiyo?" naye akajibu, "Siyo, Bibi." Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha. Mara moja namba ilifanana mpaka tarakimu ya mwisho kabisa, na Bibi akashika kifua, lakini ya karatasi iliishia na saba na ya boksi na moja.

"Siyo, Bibi. Zimeisha."

"Soma tena."

Alisoma tena zote ishirini na tisa.

Ndipo Daktari akafungua lile daftari. "Kila siku asubuhi na jioni naandika joto la friji. Miaka tisa sasa. Suyun, tafuta siku yoyote uone kama nimeruka." Suyun alifunua hapa na pale, hakukuwa na pengo. "Sasa nioneshe boksi la Hong Kong."

Bibi Nong alilitoa kabatini, alikuwa amelihifadhi. Daktari aliligeuza kwenye mwanga, akakuna kwa ukucha. Tarehe ya juu ilibanduka, chini yake kukawa na tarehe nyingine, ya mwaka uliopita.

"Hata ingekuwa nzuri," alisema taratibu, "siku nne kwenye joto hili imeshakufa. Mpigie huyo Dada Lili, muulize daftari lake la friji."

Walimpigia. Simu ilisema namba hiyo haipatikani.

Bibi Nong alikaa chini pale pale mlangoni. Alikuwa mtu mzito, na alikaa kama gunia linalotuliwa.

"Kopo lile lilikuwa na mhuri," alisema. "Nilimwambia anioneshe kwa kidole. Akanionesha. Ningefanya nini zaidi?"

"Hakuna," alisema Daktari Meng, akachuchumaa mbele yake. "Ulidanganywa na watu wakubwa waliosoma, Bibi Nong. Hukukosea kuogopa. Mimi pia naogopa, ndiyo maana naandika daftari. Lakini ulipomkimbia aliyekudanganya ulikwenda kwa mtu usiyemjua uso, asiye na daftari, asiye na mlango wa kugonga. Mimi nipo mwisho wa mtaa. Niulize, nikague, nitukane ukitaka. Nikikasirika kwa kuulizwa, hapo ndipo unikimbie."

Kisha akamgeukia Suyun. "Na wewe usikie, maana utakuwa mkubwa. Usiamini kwa sababu kuna mhuri, na usikatae kwa sababu mtu kwenye benchi amekuchekesha. Tafuta namba, usome mwenyewe."

Bibi Nong alimkunja mjukuu wake mkono wa shati, yeye mwenyewe, mpaka begani.

"Tunaanza upya," alisema Daktari. "Zote tano. Umechelewa, sikudanganyi. Sijui kama tumewahi."

Desheng alikufa hospitali ya wilaya siku ya tatu tangu apelekwe. Meihua aliporudi alikuja na viatu vyake mkononi, na hakutaka mtu amsaidie kuvibeba. Watu wa afya walichoma nguo zake na kumwaga chokaa dukani. Waliomhudumia wote walichomwa sindano, na safari hii hakuna aliyezungumzia bata.

Suyun alikwenda kuchomwa kila siku aliyoandikiwa. Bibi alifuatana naye, na kila mara alidai boksi, na Suyun akasoma namba. Daktari Meng hakukasirika hata mara moja. Lakini baada ya sindano ya tano kilichobaki kilikuwa kungoja. Kila asubuhi, miezi mitatu, Bibi Nong aliweka kikombe cha maji mbele ya mtoto kabla ya uji, akakaa kumtazama. Suyun alikinywa chote, akakigeuza juu chini ili Bibi aone hakuna tone. Ndipo Bibi aliposhika mwiko.

Panpan alirudisha dawati lake wiki ya sita. Hakusema samahani. Alisukuma tu upande wa Suyun nusu ya mkate wake wa mvuke.

"Ule," alisema. "Na usinibwekee."

"Hau," alisema Suyun, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa walicheka wote wawili.

Alipona. Yaani, hakuugua. Kwa ugonjwa ule ni kitu kimoja.

Nilipofika hapa niliona nimemaliza. Kusoma na kuandika nilijifundisha mwenyewe kwa maneno yanayopita chini ya filamu, kwa hiyo nikampa Suyun anisahihishie. Ana miaka kumi na saba sasa, yuko sekondari ya wilaya. Alisoma kwenye ngazi za nyumba yangu, kalamu nyekundu mkononi. Alirekebisha vitu vidogo vidogo. Kisha kalamu ikasimama.

"Babu Qiu, huyu 'mzee mmoja' ni nani?"

"Mzee tu. Wazee ni wengi mji huu."

"Jina lake?"

"Nimelisahau."

"Na wewe ulikuwa unang'olewa jino."

"La mwisho kabisa! Lilikuwa na mizizi mitano, wakalivuta watu watatu..."

"Babu." Hakupandisha sauti. "Mimi nilikuwa kizingitini. Ulinipa karanga. Ulisema 'kiluwiluwi', ukanikonyeza."

Nikaanza kulikuna goti langu bovu.

"Umeandika mwanzoni kwamba ni kweli tupu," alisema. "Hii umeiandikia shule yetu, na watakaosoma ni watoto wa darasa la tano. Andika jina, au niandike mimi."

Basi ni mimi. Qiu Baoshan, mwonesha sinema mstaafu. Sina mkwe kiwandani. Sina mkwe popote, sikuoa. Siku ile benchi lilikuwa limejaa hofu, nami nilitaka wacheke, na nilitaka wacheke kwa sababu yangu. Walicheka.

Suyun alinirudishia karatasi. "Shangazi Meihua yuko dukani," alisema.

Meihua bado anatengeneza tofu, peke yake. Nilimkuta anafunga kitambaa cha kukamulia. Nilianza kwa mbali, nikazunguka, nikataja hali ya hewa, mpaka mwishowe nikalitoa. Hakuacha kufunga kitambaa.

"Nilikuwa ndani siku ile," alisema. "Sauti yako siijui? Miaka sita nakuuzia tofu, Mzee Qiu. Kila asubuhi najiambia, leo atasema. Unachukua tofu yako unakwenda."

"Meihua, nisamehe."

"Sijui kama naweza. Usiniharakishe." Aliweka jiwe la kukandamizia juu ya kitambaa. "Uliapa mbele ya mlango huu na watu wakasikia. Kuniambia mimi peke yangu humu ndani haitoshi. Keshokutwa ni siku ya gulio. Uje ukane kiapo chako pale pale ulipokiapia."

Nilikwenda. Foleni ya tofu ilifika barabarani. Nilisimama mbele ya benchi, nikasema kwamba habari ya chupa na bwawa la bata niliitunga mimi, kwamba Desheng aliacha sindano kwa sababu ya uongo huo, na kwamba mtoto alibaki kidogo amfuate.

Wakacheka.

"Mzee Qiu kaanza mapema leo!" mtu mmoja alipiga kelele.

"Na upepo ulikubeba tena?" mwingine akadakia. "Endelea, Babu, tupe na mwisho wake!"

Wanawake walishika mbavu. Niliwatazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitamani watu wanyamaze. Niligeuka. Meihua alikuwa nyuma ya meza, kisu cha kukatia tofu amekiweka chini. Hakuwa akimuuzia mtu.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Wachache bado walicheka.

"Rudia."

Mara ya tatu nilitaja jina lake kamili, Qin Desheng, na siku aliyokufa, na nilichokisema neno kwa neno, na mahali nilipokuwa nimekaa. Hapo hakuna aliyecheka.